Kiingereza cha Baba Mdogo na Bei ya Dizeli

Kwa heshima na taadhima, ninawatangazia wananchi wote wa Bungoma, Trans-Nzoia na maeneo jirani kwamba Desemba iliyopita kulifunguliwa mjini Kamukuywa chuo cha Kiingereza cha watu wazima chenye hadhi ya kimataifa. Chuo kilikuwa nyuma ya poshomili, yaani kinu cha kusagia mahindi, ya baba yangu mdogo, Dancan. Mkuu wa chuo nilikuwa mimi, Levi Khaemba, wa kidato cha tatu. Mwanafunzi alikuwa mmoja, naye ni baba mdogo mwenyewe, na katika kipindi cha kwanza alilala.

Chuo hakikuanzishwa kwa kupenda elimu. Kilianzishwa kwa aibu.

Kaka yangu Kevin anauza dawa za mifugo katika duka moja mjini Kitale. Huko ndiko alikokutana na Wangui, aliyeingia kununua chanjo ya kuku akatoka na chanjo pamoja na namba ya simu ya Kevin. Mambo yalipoiva, ilibidi wazee wetu waende kwa Mzee Kang'ethe, baba yake Wangui, kujitambulisha. Kwetu, baba mzazi hasemi siku kama hiyo. Anakaa na kutazama mikono yake. Anayesema ni msemaji wa ukoo, na msemaji wetu ni baba mdogo Dancan, mtu ambaye kwa Kibukusu anaweza kukuuzia kinu kilichoharibika na ukamshukuru.

Siku hiyo ya Novemba Mzee Kang'ethe alitupokea langoni akiwa amevaa koti zito na kushika fimbo. Alinyoosha mkono, akakohoa, kisha akasema kwa Kiingereza, "You are most welcome."

Baba mdogo alisema, "Yes."

Tukangoja. Mzee Kang'ethe naye akangoja.

"Yes," baba mdogo akaongeza, kisha akaingia ndani na kukaa.

Tulirudi Kamukuywa. Aliposhuka garini, alinishika bega. "Levi, hiyo siku ya mahari mimi sitasema yes tena. Hao watu ni wa Kiingereza. Wewe umesomeshwa bweni. Nifunze."

Masharti yalikuwa wazi: maadamu nafundisha, sitabeba magunia ya mahindi kinuni. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilianza na gazeti halisi. Siku ya kwanza tulisoma habari za kongamano la uvuvi, akalala. Siku ya pili tulisoma kandanda, akalala akiwa ameshika kalamu. Nilianza kuyaona magunia. Kisha ikafika tarehe kumi na nne, siku ambayo kila mwenye kitu chenye tangi nchini Kenya hukaa mbele ya televisheni kungoja bei mpya za mafuta zisomwe. Kinu cha baba mdogo kinatumia dizeli. Jioni hiyo aliketi wima kama yuko kanisani siku ya kipaimara, na bei iliposomwa aliirudia kwa sauti, pamoja na senti zake.

Hapo nikajua nitamfundisha kwa kitabu gani.

Shida ya habari za kweli za mafuta ni kwamba ni fupi. Bei imepanda, au bei imebaki ilipo, kisha wanakuletea mchezo wa kuigiza. Msamiati ni mdogo sana. Kwa hiyo, kwa manufaa ya elimu, niliamua kuzipanua. Shuleni mimi ni mhariri wa gazeti la ubao wa matangazo ambalo naibu wa mwalimu mkuu hulibandua kila linapobandikwa, kwa hiyo uzoefu ninao. Kila jioni niliandika habari moja kwa Kiingereza, nikapiga mstari chini ya maneno magumu, na asubuhi baba mdogo akasoma huku kinu kikinguruma.

Namfasiria msomaji chache tu.

Habari ya kwanza ilisema kwamba bei ya petroli imeshuka kwa senti kumi, na kwamba wananchi walianguka kwa furaha barabarani hivi kwamba msongamano uliotokea umeteketeza mafuta yote yaliyokuwa yamepunguzwa bei. Hapo baba mdogo alijifunza "plummet", yaani kushuka kwa kishindo.

Ya pili ilisema vituo vya mafuta vimeruhusu wasio na uwezo wa kununua waje kunusa tu, watu wazima asubuhi, watoto baada ya shule. Neno lilikuwa "affordable", yaani bei ambayo mtu anaimudu.

Ya tatu ilihusu kamati iliyoundwa kuchunguza kwa nini mafuta ni ghali. Kamati ilikutana mara moja, ikaazimia kwamba haiwezi kuendelea bila kupewa magari makubwa na mafuta ya kuyaendesha. Hii ilitupatia "exorbitant", yaani ghali kupita kiasi, neno ambalo baba mdogo alilipenda kuliko yote na kulitamka "exolbitant" kwa sauti nzito ya askofu.

Lakini iliyomgusa zaidi ni ya mama mmoja wa Kitale aliyehifadhi lita moja ya petroli katika kabati la vioo sebuleni, kati ya sahani za harusi na picha ya mahafali, na wageni waliruhusiwa kuitazama baada ya chakula. Baba mdogo alisoma hiyo mara mbili.

"Huyu mama ana akili," alisema. "Mafuta haiozi."

Sasa, mimi ni mtu wa dini, na sikutaka kuhesabiwa miongoni mwa waongo. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa niliandika, kwa herufi kubwa na kwa dhamiri safi kabisa: SATIRE. Mtu asingeweza kusema sikumwonya kwamba ni mzaha.

"Levi," baba mdogo aliuliza siku ya kwanza alipoliona. "Hii ya juu ni nini?"

Kinu kilikuwa kimezimwa. Palikuwa na utulivu wa kutosha kusema kweli.

"Ni jina la gazeti, baba mdogo. Maana yake ni habari za kawi zilizothibitishwa."

"Satire," akasema polepole, kwa heshima. Akaliandika kwenye kiganja cha mkono wake.

Chuo kilistawi. Mwanafunzi aliacha kulala. Alianza kuwasomea wateja waliokuja kusaga, akiwafasiria, nao wakatikisa vichwa kwa huzuni. Jentrix, anayeuza omena sokoni, aliuliza kama kule kunusa kutafika Kamukuywa ama kutabaki tu huko kwa watu wa mjini. Baba mdogo alimwahidi kwamba atafuatilia.

Jumamosi Kevin alikuja kutoka Kitale, akasimama mlangoni mwa kinu, akasikiliza. Kisha akanivuta hadi kwenye rundo la maguguta ya mahindi.

"Levi, unamfunza nini huyu mzee?"

"Kiingereza."

"Kiingereza gani iko na mama wa petroli kwa kabati?"

"Kiingereza cha juu."

Hakucheka. Kevin ni mtu wa kucheka hata mazishini, kwa hiyo niliona jambo hilo si la kawaida.

"Nisikilize bana. Wangui ameniambia babake asipokubali, yeye haendi mahali. Si kortini, si kanisani. Ameapa. Tukikosana na huyo mzee hiyo siku, imeisha. Nitarudi kuuza dawa ya kupe mpaka nizeeke. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie baba mdogo ukweli."

Niliahidi kumwambia kesho yake. Kesho yake asubuhi lori la mahindi kutoka Malakisi lilisimama mbele ya kinu, limejaa hadi juu, na vijana wa kushusha wakaanza kutafutwa. Nilitazama lori. Nilimtazama baba mdogo.

"Leo tuna neno gumu sana," nilimwambia. "Tusipoteze muda."

Na kwa sababu siku ya mahari ilikuwa imekaribia, niliona ni vyema somo la mwisho liambatane na tukio. Niliandika kwamba katika kaunti zinazolima mahindi, wazazi wa mabinti wameacha kudai mbuzi. Sasa wanadai dizeli. Mzee mmoja asiyetajwa jina alinukuliwa akisema kwamba amefuga mbuzi tangu ujana wake na hajawahi kumwona mbuzi akivuta jembe la trekta. Maneno ya siku yalikuwa "commodity", yaani bidhaa, na "obsolete", yaani kitu kilichopitwa na wakati.

Baba mdogo alikunja ukurasa, akautia mfukoni, akatabasamu peke yake. Nilidhani amefurahia uandishi. Kumbe alikuwa anapanga vita.

Siku yenyewe tulifika kwa Mzee Kang'ethe, nje kidogo ya Kitale, tukiwa tumepanga mstari. Mahindi yalikuwa yamevunwa na shamba lote limebaki mabua, linangoja kulimwa. Katikati ya ua, mahali ambapo kila mgeni lazima apite, palisimama trekta jekundu lililooshwa. Akina mama wa kwao walitufungia lango, wakaimba kwa Kikuyu, akina mama wetu wakajibu kwa Kibukusu, na kwa kuwa hakuna upande uliowaelewa wenzake, walikubaliana haraka.

Mzee Kang'ethe alitupokea mlangoni. "You are most welcome," alisema. Nyuma yake alisimama Mary Ann, mdogo wake Wangui, aliye kidato cha tatu kama mimi katika shule ya wasichana. Wakati baba yake akisema, yeye alikuwa akichezesha midomo bila sauti, neno kwa neno, kama mwalimu wa chekechea mtoto anapokariri shairi.

Baba mdogo alijinyoosha. "Thank you," alisema. "The weather is affordable."

Mzee Kang'ethe alifikiri kidogo. "Most welcome," akajibu.

Tulikula. Wali, nyama, mukimo, chapati, kisha wali tena. Halafu wazee walikaa pande mbili za sebule, wao kule, sisi huku. Baba akaanza kutazama mikono yake. Kevin alikaa kando yangu, amefunga tai iliyomkaba, na kupitia mlango wa jikoni tulimwona Wangui amesimama na sahani ambayo hakuwa anaipeleka popote. Kwa kawaida Wakikuyu pia huwa na msemaji, lakini Mzee Kang'ethe hakumwamini mtu mwingine na maneno yake.

Baba mdogo alisimama.

"Wazee," alisema, "mimi kwanza nashukuru. Chakula ilikuwa unprecedented, haijawahi kuonekana."

Upande wa pili walinong'ona kwa kuridhika.

"Lakini hebu tuongee kama watu wanafuata habari. Maisha imekuwa exolbitant. Mbuzi mnataka, tunajua. Ni mila. Lakini mbuzi, wazee wangu, siku hizi ni obsolete. Si mimi nasema. Nimesoma. Hata huku kwenu, kwa hizi kaunti za mahindi, wazazi wameachana na mbuzi kabisa. Commodity wanataka sasa ni dizeli. Kwa sababu mbuzi haivuti jembe."

Aliketi. Nilielewa mpango wake. Mbuzi akishakuwa kitu cha zamani, atawezaje mtu wa kisasa, mwenye Kiingereza chake, kudai wengi? Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa imeegeshwa nje, nyekundu, imeoshwa.

Mzee Kang'ethe aligeuka polepole akatazama dirishani. Akatazama trekta. Akatazama shamba la mabua nyuma ya trekta. Akainamiana na ndugu zake, wakanong'onezana kwa Kikuyu muda mrefu, na mmoja wao akawa anahesabu vidoleni.

"Tumesikia," alisema hatimaye. "Sisi leo tulikuwa tuseme mbuzi, vile wazee wetu walituachia. Lakini mgeni amekuja na maneno mpya, na ameyaleta na Kiingereza. Mimi sitaki watu waseme Kang'ethe alibaki nyuma. Kama watu wamehamia dizeli, sisi pia tumehama. Kila mbuzi, pipa moja."

"Pipa ya nini?" baba mdogo aliuliza.

"Ya dizeli. Na liwe limejaa."

Baba aliacha kutazama mikono yake.

Kwetu kuna kanuni moja ambayo hata mtoto anaijua. Neno likishatoka kinywani mwa msemaji mbele ya wazee, msemaji hawezi kulirudisha. Angeweza kubishana juu ya mbuzi hadi jioni, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini dizeli aliileta yeye mwenyewe. Aliketi pale, mdomo wazi kidogo, akitafuta neno la Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu chuo kifunguliwe hakulipata.

Kevin hata angeuza duka zima la dawa, pamoja na ng'ombe wanaotibiwa nazo, asingejaza hayo mapipa. Aliinama sikioni mwangu.

"Levi."

"Naam."

"Hiyo ya dizeli imetoka kwako?"

"Kunywa soda, Kevin."

"Nakuuliza."

Jikoni, Wangui alikuwa ameweka sahani chini. Alikuwa anamtazama Kevin, Kevin anaitazama chupa, na mimi nilikuwa nautazama mlango wa nje, nikikadiria umbali wake. Nilijiambia kwamba wazee ni watu wenye hekima. Nilijiambia watapunguza. Nilijiambia kwamba mtu aliyeandika SATIRE kwa herufi kubwa hana hatia. Nilijiambia mengi, yote nikiwa nimekaa.

Ndipo Mary Ann akaingia na thamosi ya chai. Aliwamiminia wazee wa kwao, akavuka, akamfikia baba mdogo, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Anko, samahani. Hiyo habari ya dizeli ulisoma wapi?"

Baba mdogo alilishika swali hilo kama mtu anayezama aliyerushiwa kamba. "Kwa gazeti, mama. Mimi nasoma gazeti moja tu. Inaitwa Satire."

Mkono wa Mary Ann ulisimama. Chai iliendelea, ikajaza kikombe, ikajaza na kisahani.

"Satire," alirudia.

"Eeh. Ni habari za kawi zimethibitishwa. Inatoka kila siku."

"Na nani amekuambia hiyo ndiyo maana yake, Anko?"

"Mwalimu wangu," alisema baba mdogo, na kwa fahari ambayo sitaisahau, alininyooshea mkono. "Ni huyu. Ako bweni."

Mary Ann alinitazama. Kisha akamgeukia baba yake, akamwambia kitu kwa Kikuyu. Kilikuwa kifupi. Sikuelewa chochote isipokuwa "satire".

"Kijana," alisema Mzee Kang'ethe. "Simama."

Nilisimama. Nilikuwa na matumaini madogo yaliyobaki, yote ya lugha. "Your Excellencies," nilianza, "allow me to clarify..."

"Kwa Kiswahili," alisema. "Kiingereza leo imetosha."

Basi nilikiri. Nilisema kwamba hakuna kaunti ambako wazazi wanadai dizeli. Nilisema yule mzee asiyetajwa jina ni mimi. Nilisema baba mdogo hakudanganya mtu, alisoma alichopewa, na kwamba ikiwa neno la msemaji haliwezi kurudishwa, basi hili lirudishwe na mimi, kwa sababu lilikuwa langu tangu mwanzo. Nilisema niliandika kwa sababu habari za kweli zilimlaza, na kwa sababu sikutaka kubeba magunia. Nilitarajia hilo la magunia litachekesha. Halikuchekesha.

"Na ile ya kunusa?" aliuliza baba mdogo. Hakuwa ananitazama.

"Hakuna, baba mdogo."

"Jentrix nimemwambia itafika."

"Hakuna."

"Na yule mama wa kabati?"

"Hakuna mama. Hakuna kabati."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa mtu anayemjua.

"Na ile kamati ya magari?"

"Hiyo pia nilibuni."

"Hapana," alisema Mzee Kang'ethe, na ndugu zake wote wakakubali. "Hiyo ya kamati iko. Hiyo wewe hukubuni."

Wakainamiana tena. Walipoinuka, Mzee Kang'ethe alitangaza kwamba mapipa yameondolewa na mbuzi wamerudi, kwamba mbuzi watazungumzwa kama watu wanavyozungumza mbuzi, na kwamba kwa kuwapotezea wazee wakati ukoo wetu umetozwa faini ya kondoo dume mnono. Jikoni, Wangui alikaa chini ghafla juu ya kreti ya soda. Kevin alilegeza tai. Baba akarudia mikono yake, lakini kwanza alinitazama, na nilijua magunia yote ya Malakisi yameshapata mbebaji.

Nilianza kuketi.

"Bado," alisema baba mdogo.

Alikuwa amesimama. Kikombe kilichojaa hadi kisahani kilikuwa mkononi mwake, na alikuwa amekishika kwa uangalifu ili kisimwagike kwenye zulia la watu.

"Hiyo neno ya juu," alisema. "Nimeisema mbele ya watu. Nataka kujua maana yake. Ile ya kweli."

Nilimwambia. Nilisema ni uongo ambao mwandishi anausema waziwazi, kwa mzaha, akitaka msomaji ajue kuwa ni uongo, ili wacheke pamoja juu ya jambo lililo la kweli.

Alilifikiria. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hakuwahi kuliacha neno kabla ya kulielewa.

"Pamoja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi, ulitaka nijue?"

Kila mtu alikuwa ananitazama, upande wao na upande wetu, na Mary Ann na thamosi yake.

"Hapana, baba mdogo," nilisema. "Sikutaka ujue."